Chai ya Alasiri kwa Watoto Wetu

Katika safu hii tumezoea kuzungumza juu ya pamba, samaki, barabara na vivuko, na wasomaji wetu wametuzoea hivyo. Leo twaomba ruhusa ya kusema juu ya jambo ambalo baadhi ya ndugu viongozi, wakishaona kichwa chake, huenda wakataka kugeuza ukurasa: chai ya watoto nyumbani, pamoja na michezo ya kuambatana nayo. Twawasihi wasigeuze. Kwa gharama jambo hili ni dogo mno. Kwa uzito wake, kwetu sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria na katika visiwa vyake, si dogo hata kidogo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Tukitaja chai ya watoto, hatuna maana ya zile sherehe ambazo siku hizi zimeshika kasi hapa mjini Mwanza, ambapo mtoto wa miaka mitano hukodishiwa mshereheshaji, vipaza sauti, viti vilivyovishwa vitambaa na keki ya ghorofa tatu. Tulialikwa kwenye mojawapo. Watoto waliketishwa kwa mistari kama wajumbe wa mkutano, wakaambiwa watulie, wakapigwa picha, kisha wazazi wakapongezana wao kwa wao hadi jua likazama. Nasi tusijitoe lawamani: tulipopewa kipaza sauti tuseme machache, tulisema mengi, na mtoto mwenyewe mwenye siku yake akasinzia mapajani mwa shangazi yake kabla hatujafika nusu. Walichokifurahia watoto siku ile, kwa macho yetu, ni makasha matupu yaliyorundikwa nyuma ya nyumba. Huko ndiko walikokimbilia mara tu walipopata upenyo, wakayageuza mitumbwi.

Chai tunayoikusudia ni birika moja, sufuria ya viazi vitamu vilivyochemshwa, mkeka chini ya mwembe, watoto wa nyumba tatu au nne za jirani, mtu mzima mmoja mwenye subira, na michezo miwili mitatu iliyofikiriwa tangu jana yake. Saa mbili zatosha.

Mtu asiyeishi kisiwani atauliza: kwa nini alasiri, na kwa nini iwe shughuli ya kupangwa? Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome hawana haja ya kuuliza. Wao wanajua alasiri ya mwaloni ilivyo. Baba aliyekesha majini akivua dagaa amelala. Mama yuko mchangani au kwenye vichanja, akigeuza dagaa na kuwaanua kabla umande haujashuka. Shule imekwisha kufungwa. Dada wa miaka tisa amebeba mgongoni mdogo wake, naye ndiye aliyeachiwa ulinzi wa wengine watatu. Katika saa hizo watoto hawana mwenyewe, na mahali pekee palipo wazi kwao, pasipo mlango wala bawabu, ni ziwani.

Hatari ya kwanza ya huko ni kuzama. Hatari hiyo haiko kwetu peke yetu. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa uliona haja ya kuitenga tarehe 25 Julai kuwa Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani. Hatari ya pili ni ya polepole, nayo ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa maji ya ukingoni, hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Wataalamu wa afya wamefanya kazi kubwa ya kuwameza watoto dawa mashuleni, nasi twawashukuru. Lakini mtoto aliyemeza dawa asubuhi na kurudi kwenye maji yale yale, ameianza safari ya ugonjwa upya.

Hapa hatuna budi kusema jambo letu wenyewe, ingawa miaka imepita. Tulikulia katika kijiji cha ukingoni upande wa Ukerewe. Asubuhi tulikwenda shule ya serikali, na baada ya adhuhuri chuo cha Kurani, tukitoka huko jua likiwa limepoa. Siku ya Ijumaa chuo kilifungwa, na alasiri ya Ijumaa ikawa tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika Ijumaa mojawapo, mwenzetu tuliyekuwa tukisoma naye ubao mmoja alikwenda kuoga na wengine. Wengine walirudi. Yeye wavuvi walimpata asubuhi. Hakuna aliyekuwa na kosa la kutajwa. Kila mtu mzima alikuwa mahali alipopaswa kuwa, kazini mwake.

Arobaini ilipopita, bibi yetu mzaa mama alitoa mkeka wake mpya, akautandika chini ya mwembe, akatuita. Hakutukataza ziwa. Nadhari yake ilikuwa kwamba katazo la mtu mzima hudumu mpaka anapogeuza kisogo. Alitupa chai tu. Sukari ilikuwa adimu kijijini kwetu wakati huo, hivyo chai yake ilikuwa ya mchaichai, na utamu wake ulitoka kwenye kiazi. Tuliporudi Ijumaa ya pili alikuwa na mchezo, na ya tatu mwingine. Hatukujua kwamba tulikuwa tukilindwa. Tulijua tu kwamba kwa bibi kuna mambo.

Basi mwenye kutaka kuiga na aanze na hesabu ya watoto. Kwa mtu mzima mmoja, 12 ndio mwisho. Wakizidi hapo, atakuwa mchungaji badala ya mwenyeji. Wachanganywe wakubwa na wadogo, maana mkubwa humfundisha mdogo kwa lugha ambayo sisi tumekwisha kuisahau. Gharama igawanywe: nyumba moja ilete viazi, nyingine mchaichai, nyingine kuni. Saa za kufaa ni saa nane na nusu hadi saa kumi na nusu, jua lingali kali na maji yakivutia zaidi.

Kwa ndugu zetu wa visiwani, yafaa vilevile kutazama mwezi. Dagaa huvutwa na taa, na taa yataka giza. Mwezi ukikomaa mwanga wa taa hupungua nguvu, na mitumbwi hupumzika. Kwa anayehesabu mwezi mwandamo, siku ya 13, ya 14 na ya 15 baba yuko nyumbani, macho makavu, akitafuta la kufanya. Aitwe mkekani! Wapo watakaoona haya kukaa kunywa chai na watoto, lakini mpe mtu huyo wavu uliochanika na sindano yake, halafu mtazame watoto watakavyomzunguka. Kufunga fundo lisilofunguka, kusokota kamba, kuziba tundu la wavu: mtoto wa miaka saba huyashika haya katika kikao kimoja na kujivunia mwezi mzima.

Katika michezo yote tutakayoitaja, mmoja twautanguliza, nao tungependa uchezwe katika kila nyumba iliyo karibu na maji. Tuuite mchezo wa dumu. Chora mstari ardhini; ng'ambo ya mstari ni ziwa. Mtoto mmoja aketi huko, hatua saba au nane kutoka mstarini, ainue mikono kama anayezama. Chukua dumu tupu la lita 5, lifungwe kifuniko barabara, lifungwe kamba kwenye mkono wake. Kila mtoto kwa zamu yake kwanza apige kelele ya kumwita mtu mzima, kwa sauti yake yote, kisha alirushe dumu huku ameshika ncha ya kamba. Likiangukia mahali ambapo aliye ziwani aweza kulifikia, mrushaji huketi chini, hukita visigino ardhini, na kumvuta. Akiuvuka mstari hata kwa kidole cha mguu, ametoka mchezoni, kwa kuwa naye amezama. Watoto huucheka sana mchezo huu, hasa zile kelele. Ndani ya kicheko hicho wanajifunza kwamba asiyejua kuogelea hamrukii anayezama, bali humtupia kitu kinachoelea, na kwamba mbio za kwanza ni za kumtafuta mkubwa. Tumesikia mara nyingi mno juu ya msiba wa ndugu wawili kwa siku moja, wa pili akiwa amemfuata wa kwanza kumwokoa.

Vitendawili hupewa nafasi wakati chai inapoa, kwa kuwa havihitaji mikono. Kila mtu aijua njia yake: mmoja asema "Kitendawili!", wote waitika "Tega!" Lakini wengi siku hizi wameacha sehemu iliyo tamu kuliko zote, yaani kutoa mji. Wasikilizaji wakishindwa, mtegaji hadai fedha, hudai mji. Wakimpa Nansio, hukataa, akisema alikwishafika huko juzi. Wampe Musoma, hataki. Wampe Bukoba, Kisumu, Jinja. Hatimaye akiridhika, huanza kusimulia alivyopokelewa huko, alivyolishwa sato na watu wakubwa, ndipo afumbue fumbo lake. Kwa njia hiyo mtoto wa Ukara huizunguka nchi zote tatu za ziwa hili bila kupanda meli, na mwalimu wake wa jiografia hupunguziwa kazi. Baada ya vile vya zamani, waombwe watunge vya kwao. Sisi tuliwapa kimoja cha kuanzia: mji wangu hujengwa usiku juu ya maji, asubuhi haupo. Mtoto wa mvuvi hachelewi kujibu kwamba ni taa za dagaa. Wa mjini walituambia ni Mwanza umeme unapokatika, nasi tukawapa alama.

Mdako huchezwa kwa kishimo kidogo na kokoto: moja hurushwa juu, na kabla haijarudi mkononi, nyingine zimetolewa shimoni na kurudishwa kwa hesabu. Unafaa sana kwa nyumba zetu za milimani hapa mjini, za Igogo na Mabatini, ambako kiwanja cha kukimbilia hakuna na jiwe ndilo ua wa nyumba. Rede yataka uwanja: wawili hurushiana mpira, na aliye katikati hujaza mchanga kwenye chupa huku akiukwepa. Mpira ni wa matambara. Chupa iwe ya plastiki. Wavulana wanaodai kwamba rede ni ya wasichana waingizwe katikati mara moja, waone. Kombolela nasi twaipenda, lakini nyumba iliyo hatua chache kutoka majini iiache kabisa. Mtoto atajificha kwenye matete au chini ya mtumbwi uliopinduliwa, mtafutaji atachoka na kwenda zake, na hakuna atakayejua aliyebaki yuko wapi.

Kwa wadogo wa miaka mitatu na minne, udongo wa mfinyanzi hauna mfano. Wape tonge moja moja, watafinyanga ng'ombe, mtumbwi, birika lile lile wanaloliona. Mjerumani Friedrich Fröbel, alipoanzisha mwaka 1837 kile ambacho dunia ilikuja kukiita bustani ya watoto, aliwapa wadogo mipira ya sufu na vipande vya mbao, akisema kwamba kucheza ndiko kujifunza kwao. Hatudhani bibi yetu alipata kumsikia.

Wakubwa wa miaka kumi na zaidi waelekezwe kwenye bao. Bao kamili la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kulimudu ni kazi ya miaka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kulipenda. Kwa watoto, chimba mashimo machache ardhini, tumia mbegu, waanze na kusambaza kete na kuhesabu. Yupo daima mzee anayepita njia na asiyeweza kuvumilia kuona kete ikichezwa vibaya. Atasimama, atakohoa, atachuchumaa. Hapo umekwisha kupata mtu mzima wa pili bila kumwomba.

Na hadithi? Kisiwa kilichomtoa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, hakikosi wasimulizi. Msimulizi aachwe aseme kwa Kikerewe, Kijita, Kikara au Kisukuma kama ndiko ulimi wake uliko mwepesi. Kiswahili chetu hakitapungukiwa na kitu kwa alasiri moja.

Kuhusu chai yenyewe hatuna mengi. Maji yachemke kweli, kwa kuwa pwani zetu zinakijua kipindupindu. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayomiminwa, si katika beseni moja la wote. Chai ya majani iwe nyepesi kwa watoto, maana ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma. Mchaichai au tangawizi ni bora. Birika lisifike mkekani kabisa, likae kwa mtu mzima, na vikombe vigawiwe chai ikiwa vuguvugu. Karanga nzima wasipewe wadogo, zipondwe. Kwa watu wa bara ya Usukuma, michembe na matobolwa yapo. Kwa Ukerewe machungwa yapo. Biskuti za dukani si haramu, lakini tumeona kwamba zikishafunguliwa hakuna anayetazama kiazi.

Lipo kosa moja ambalo sisi wanachama na watumishi tuna kipaji nalo. Tulipojaribu jambo hili nyumbani kwetu mara ya kwanza, tuliandika ratiba: ufunguzi, mchezo wa kwanza hadi wa saba, kila mmoja na dakika zake, na neno la kufunga. Mchezo wa pili ulikuwa rede, na watoto hawakutoka tena. Tulisimama na karatasi yetu tukiwakumbusha kwamba muda umekwisha, mpaka binti mmoja akatuuliza kwa adabu kama tunataka kuingia katikati. Tuliingia. Tulipigwa mpira kabla hata ya konzi moja ya mchanga. Tangu hapo twaandaa michezo mitatu tu, na wa tatu huwa ni wa akiba, endapo mvua itanyesha.

Sasa twageukia upande wa ndugu viongozi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unautaja mchezo katika ibara ya 31 kuwa ni haki ya mtoto. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ndani yake ujifunzaji wa awali na ulinzi vimewekwa pamoja na afya na lishe. Maandiko, basi, hayakosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni kivuli cha mti. Tumepita mialo ambako kila hatua ya ardhi tambarare imegawiwa vichanja, mabanda, maduka na vibanda vya mafuta, na pahala pekee palipoachwa wazi ni ule ukanda wa mchanga unaolowa. Mtoto wa hapo ataambiwa akacheze wapi? Twawaomba watendaji wa vijiji, madiwani na viongozi wa vikundi vya usimamizi wa uvuvi, wanapokaa kupanga matumizi ya mwalo, watenge kipande kimoja chenye mti, mbali na maji, wakiandike kwenye muhtasari wa kikao ili mwenye fedha asije akakinunua mwakani. Maafisa maendeleo ya jamii nao wakitembelea kisiwa, wawaulize kina mama ni nani aliye na watoto saa tisa alasiri. Jibu litawaonyesha pa kuanzia.

Wala asingoje mtu posho wala semina. Wala, tafadhali, jambo hili lisifanyiwe uzinduzi.

Linabaki la mwisho, nalo ni namna ya kuwarudisha watoto makwao. Bibi yetu hakujua kusoma, na daftari la mahudhurio hakuwa nalo. Alikuwa na vikombe vya bati, kila mtoto na chake, kimoja kina pengo, kingine kimetoboka kikazibwa kwa lami, na kila mmoja wetu alikijua cha kwake. Mtoto hakuruhusiwa kuondoka mkekani, hata kwa haja ndogo, kabla hajakifunika kikombe chake kichwa chini kwenye sinia. Akirudi, alikiinua tena. Mwisho wa chai vyote vilifunikwa, na kila mtoto alikigusa chake mbele ya macho ya bibi ndipo aende kwao. Kikombe kilichofunikwa kikakaa muda bila kuinuliwa, bibi aliacha hadithi katikati, akasimama, akaita jina.